Gari Lililoondoka na Tope

Pale kinambani, mahali pa kuoshea magari chini kidogo ya stendi ya mabasi ya Kamembe, kila mwoshaji alikuwa na sehemu ya gari anayojivunia. Elikia alijivunia vioo. Wengine walijivunia rangi, wakaisugua mpaka mwenye gari akaweza kunyoa ndevu akijitazama mlangoni. Mukandori alijivunia uvungu wa magurudumu, mahali ambapo wenye magari hawainami kutazama. Mwanzoni wenzake walimcheka kwa hilo. Baadaye wao wenyewe ndio waliokuwa wakimwitia wateja.

Magari ya zamani hayakumsumbua mtu. Uvungu wake ulikuwa bati tupu au plastiki. Ukipiga maji, tope linaanguka. Haya mapya yanayokuja kutoka Kigali kupitia msitu wa Nyungwe yametandikwa zulia jeusi gumu humo uvunguni mwa magurudumu, ili kokoto zikiruka zisimpigie kelele aliyeketi kwenye kiti. Zulia hilo linashika udongo wa Bugarama na haliuachii. Likikauka linakuwa zito, linanuka mashamba ya mpunga, na siku nyingine linaning'inia mpaka linagusa tairi. Vijana walikuwa wakilielekezea mpira wa mashine ya presha kwa karibu wakidhani nguvu ndiyo usafi, kumbe maji yanasukuma tope ndani zaidi na kuchana nyuzi. Mukandori alilowesha kwanza, akasubiri, kisha akapiga brashi laini upande mmoja tu, taratibu, kama anayechana nywele za mtoto mwenye machozi ya karibu. Alilala chali juu ya gunia, kichwa karibu na tairi, na alipomaliza alipitisha kiganja humo ndani. Kikitoka cheusi, alianza upya hata kama mwenye gari alikuwa anapiga honi.

Mumewe, Gasana, alikuwa shoferi wa Habiyaremye, mfanyabiashara wa mchele mwenye mashine za kukoboa kule Bugarama na duka la jumla sokoni Kamembe. Kila Jumamosi Gasana alileta gari la huyo bosi, patroni kama walivyomwita, kinambani, na kila Jumamosi mke wake aliliosha mbele ya wote huku mume ameketi kwenye kiti cha plastiki, akila mandazi. Wenzao walikuwa wakiwatania kwamba hiyo ndiyo nyumba pekee ya Rusizi ambamo bwana analipa kwa bibi.

Asubuhi ile haikuwa Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake tangu alasiri, na gari lilifika limevaa tope mpaka vishikio vya milango. Gasana hakwenda upande wa mke wake. Alisimamisha gari mbele ya Elikia.

"Elikia, kamata presha," alisema. "Piga tu mu magurudumu, mbio mbio. Patroni iko nangoja."

"Na bibi yako?" Elikia aliuliza. "Ile ni kazi yake."

"Ye aendelee na ile taksi yake. Wewe piga."

Mukandori alisikia. Aliweka brashi ndani ya ndoo, akaja akifuta mikono kwenye kitenge chake.

"Papa Umutoni," alimwita mumewe kwa jina la binti yao, "leo unanipita juu ya nini?"

"Sikupiti. Niko na haraka."

"Presha ya Elikia itapasula zulia ya bantu. Kisha patroni atasema ni mimi. Acha."

Akavuta gunia lake, akaliweka kando ya gurudumu la mbele la kulia, akalala. Gasana alisimama juu yake, funguo zikilia mkononi. Mukandori alilowesha, akasubiri, akaanza kupiga brashi, na mara brashi ikaleta kitu ambacho si tope. Ulikuwa mpunga. Punje zilikuwa zimejichoma ndani ya zulia kwa ncha zake, nyingi, mpaka juu kabisa ambako kwa kawaida hapafiki hata kokoto. Kati ya punje zile palikuwa na nyuzi nyeupe za gunia la nailoni. Akapenyeza vidole. Vilikutana na kitu kigumu chenye makali. Alikitoa kwenye mwanga, akakigeuza. Kilikuwa kipande cha kile kioo chekundu kinachofungwa nyuma ya kiti cha baiskeli ili ing'ae usiku.

Kisha akakirudisha palepale kilipokuwa.

"Jana mulipita wapi?" aliuliza akiwa bado chini.

"Bugarama, ku mashini. Unajua vile mpunga iko kila fasi kule."

"Mpunga ya mu barabara inashikaka chini ya tairi. Hii imepanda mpaka yulu, na nyuzi za gunia."

"Tuligonga mbuzi."

Mukandori alimtazama kutoka pale alipolala. Kwa muda wote wa ndoa yao hakuwahi kumwona akisimama namna ile, kidevu kikiwa juu na macho yakiwa mbali naye.

"Ile mbuzi ilikuwa na velo?" aliuliza, kidole kikionyesha pale alipokirudisha kile kioo cha baiskeli.

Gasana alichuchumaa haraka, akasogeza mdomo karibu na sikio lake. "Osha tu, Maman Umutoni. Tutaongea ku nyumba. Nakuomba, osha kwanza."

Mukandori alitoka uvunguni. Maji ya tope yalikuwa yakimtiririka kutoka viwikoni. Alisimama, akaikung'uta sketi yake, na waoshaji wote wakatazama, maana kazi haikuwa imeisha.

"Ondosha gari," alisema.

"Namna gani?"

"Ondosha. Sitaiosha."

Gasana alimgeukia Elikia. Elikia alimtazama Mukandori, kisha akautundika mpira wa maji kwenye msumari na kujifanya anatafuta sabuni. Gari likaondoka na tope lake, gurudumu moja limelowa. Halikuwahi kutokea gari likatoka mikononi mwa Mukandori namna ile, na hakuna aliyethubutu kumtania.

*

Walikuwa wakikaa kwenye vyumba viwili nyuma ya ghala la Habiyaremye. Vyumba vilikuwa vya bosi. Hawakulipa kodi, na bosi alikuwa hapendi wasahau hilo. Saa ya chakula cha mchana binti yao Umutoni alirudi kutoka shule. Wakaketi watatu kwenye sahani moja ya ugali wa muhogo na sambaza, dagaa wadogo wa ziwani. Gasana alifinyanga tonge, akaliweka chini.

"Sema," Mukandori alimwambia.

"Mutoto iko hapa."

"Iko na masikio. Atasikia ku soko. Heri asikie kwako."

Gasana akasema. Ilikuwa jioni, mvua inanyesha, wanateremka kuelekea uwanda wa Bugarama. Bosi alikuwa nyuma anaongea kwa simu na kila mara akimgonga begani aongeze mwendo, kwa sababu watu wa mashine walikuwa wanafunga. Baiskeli ilikuwa pembeni, haina taa, imebeba gunia. Aliiona ikiwa imeshakaribia mno. Kilisikika kishindo kama mtu amepiga teke mlango.

"Nilisimama," Gasana alisema. "Vraiment, kweli kabisa, nilisimama. Patroni akasema, endesha, hapa watatuua, nitatuma muntu kutoka ku mashini. Nikaangalia mu kioo. Ule muzee alikuwa amekaa mu tope, anashika muguu. Nikasema basi, ni muzima. Nikaendesha."

"Alituma muntu?"

"Alisahau. Tulifika, akaanza kugombana na bantu ya mashini. Mi nikaogopa kumukumbusha."

Umutoni alikuwa ameacha kula. Alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na saba, mwenye kuuliza maswali machache, na hili aliliuliza kwa sauti ndogo kabisa.

"Papa, ulishuka mu gari?"

Gasana alitazama sahani.

"Hapana," alisema.

Umutoni alinawa mikono, akachukua begi lake, akarudi shuleni kabla ya wakati. Hakuufunga mlango kwa nguvu. Baba yake angefurahi kama angeufunga kwa nguvu.

"Nikienda ku polisi watanifunga," Gasana alisema walipobaki wawili. "Permi ya kuendesha itapotea. Hii nyumba itapotea. Ule mutoto atasomea wapi? Fikiri na kichwa, si na roho tu."

"Mi nafikiri," Mukandori alijibu. "Lakini muntu ule ni nani? Aliamka? Alikufa? Utafikiri namna gani kitu chenye hujui?"

Kesho yake asubuhi Mukandori alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda basi la Bugarama.

*

Haikuwa kazi kumpata. Kule chini, kwenye joto la uwanda, kila mtu alikuwa na habari ya Mzee Nasiri, mkulima wa mpunga aliyegongwa akipeleka gunia lake mashineni. Walimwelekeza kwenye kituo cha afya. Alimkuta amelala, mguu umefungwa bandeji na mbao mpaka pajani, kofia yake nyeupe iko juu ya mto. Alikuwa amesinzia. Mkewe, Mukantabana, alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda akimpepea kwa kipande cha boksi.

Mukandori alisalimia, akasema amepita kumwona mgonjwa. Mukantabana hakumuuliza anatoka wapi. Kwenye mambo kama haya watu huja, na wengine hawajulikani.

"Madaktari wanasema nini, mama?"

"Mfupa umevunjika mahali pawili. Watampeleka hospitali kubwa wamwekee chuma. Mungu ametubakishia pumzi." Alisimamisha kupepea, kisha akaendelea. "Alikaa kwenye mvua mpaka watu wa msikitini walipokuwa wanarudi. Mpunga wote ulikwenda na maji."

"Mulijua nani alimugonga?"

"Wamemkamata kijana mmoja anayeendesha kamio, lori la mizigo, Nshimiyimana. Alipita njia ile ile jioni ile ile, na taa yake moja imevunjika. Anakana. Jana mama yake alikuja hapa, akapiga magoti hapo uliposimama. Akasema, niombee kwa mume wako aseme si mwanangu. Lakini mume wangu hakuona gari, alisikia tu. Sikujua nimwambie nini mwanamke mwenzangu. Nilimpa maji ya kunywa."

Mukandori alitazama sakafu ya saruji kana kwamba alama za magoti zingeonekana. Maneno yalimjaa mdomoni. Aliyameza. Maneno yale yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yeye. Alitoa ndani ya mfuko ndizi alizonunua njiani, akaziweka juu ya kabati dogo, akamshika Mukantabana mkono kwa mikono yake miwili.

"Nitarudi, mama," alisema. "Sitarudi peke yangu."

*

Aliposhuka kwenye basi Kamembe alipitia kinambani, na gari la Habiyaremye lilikuwa limesimama pale. Bosi alikuwa ameliendesha mwenyewe. Alikuwa mwanaume mnene mwenye adabu ya kutosha siku za kawaida. Misiba ya wafanyakazi wake aliihudhuria, na shati alilovaa Gasana kanisani alimpa yeye. Sasa alikuwa ameweka kiatu juu ya kigoda ambacho Mukandori hukalia.

"Nasikia unakataa gari yangu," alisema, na sauti yake haikujali nani anasikia. "Hii gari ndiyo inalishaka mutoto wako. Leo imekuwa chafu kwako?"

"Ni chafu, patroni. Ndiyo nasema."

Waoshaji wawili waligeuza nyuso. Habiyaremye aliondoa kiatu kwenye kigoda, akamsogelea, akashusha sauti.

"Sikiliza, maman. Mi siko nyama ya pori, niko muntu. Nilitaka kutuma muntu, kichwa ikajaa mambo. Nitalipa hopitali yote, kimya kimya, yule muzee hatakosa kitu. Bwana yako atabaki ku kazi. Mutoto wako nitamulipia masomo mpaka amalize. Kuharibu vyote hivi kutasaidia nani?"

Yalikuwa maneno ya mtu aliyezoea kupatana bei, na Mukandori alikiri moyoni kwamba bei ilikuwa nzuri. Aliwaza ada ya shule. Aliwaza paa la vyumba vile viwili lisilovuja.

"Na ule kijana wa kamio?" aliuliza.

"Ule watamuachilia. Hawana kitu yulu yake."

"Sasa wewe uende umutoe, patroni. Kama hawana kitu yulu yake, hawatakuwa na kitu yulu yako pia."

Shingo ya Habiyaremye ilijaa damu. Akamgeukia Elikia, akatoa noti, akaikunjua ili ionekane.

"Wewe, kijana. Piga maji mu magurudumu."

Elikia alikuwa na mpira mkononi. Mashine ilikuwa inanguruma kando yake, maji yanatoka. Alikuwa na mke aliyejifungua juzi, na noti ile aliiona vizuri. Aliinama, akazima mashine.

"Mashini imekufa, patroni," alisema.

Tone la mwisho la mpira lilianguka kwenye saruji. Mwoshaji wa pembeni alifunga bomba lake pia. Aliyemfuatia akafanya vivyo hivyo, akiwa na nusu ya gari mbele yake na povu bado juu ya paa. Habiyaremye aliwatazama mmoja mmoja, akaingia garini, akaelekea barabara ya mpakani ambako kulikuwa na kinamba kingine.

Mukandori aliketi kwenye kigoda chake.

*

Jioni kabla ya giza Gasana aliitwa akalichukue gari huko lilikooshwa. Lilikuwa linang'aa. Alisubiri mwoshaji ageuke, akainama kwenye gurudumu la mbele la kulia, akapitisha kiganja uvunguni kama alivyomwona mke wake akifanya. Zulia lilikuwa limechanwachanwa na presha, limebaki na manyoya kama mbwa mwenye upele, lakini hapakuwa na punje wala uzi, na kile kioo chekundu hakikuwapo. Kiganja kilitoka cheupe.

Alikuwa amengoja kiganja hicho tangu jana. Alidhani kikitoka cheupe kifua kitamfunguka. Alilipeleka gari ghalani, akalifunga, akatembea mpaka mlangoni kwake akihisi kama amebeba kitu na hajui akiweke wapi. Mukandori alikuwa anachambua maharage. Umutoni alikuwa amefungua kitabu, na hakuinua kichwa baba yake alipoingia. Hakuwa amemsemesha tangu lile swali.

"Wameosha," Gasana alisema. "Hakuna tena kitu mule. Hata polisi wakiifungua yote, hawatapata kitu."

Mukandori aliendelea kuchambua. "Kitu iko," alisema.

"Nakuambia nimeangalia na mukono yangu."

"Wewe uko."

Gasana alikaa kitandani. Mukandori alimwambia basi yale aliyoyaona: mguu, mbao, mpunga uliokwenda na maji, mwanamke aliyepiga magoti kwenye saruji mbele ya mwanamke mwingine asiyekuwa na la kumwambia. Alimwambia bila kumlaumu, kwa mpangilio, kama mtu anayepanga vyombo. Alipomaliza hakuongeza neno la ushauri.

"Juu ya nini hukuwaambia wewe mwenyewe?" Gasana aliuliza.

"Mi niliolewa na muntu mwenye mudomo."

Gasana alilala akiwa amevaa nguo. Asubuhi alinyoa ndevu taratibu, akavaa lile shati la kanisani, kisha akasita, akalivua kwa sababu lilikuwa la Habiyaremye. Akavaa lake la kazi, lililofifia mabegani. Funguo za gari alimpelekea mlinzi wa ghala na kumwambia ampe patroni. Mukandori alikuwa ameshasimama nje na mkoba wake. Umutoni alisimama mlangoni akiwa na sare ya shule. Baba na binti walitazamana, na Gasana ndiye aliyesema.

"Niko naenda kushuka mu gari," alisema.

*

Walipofika kituo cha afya Bugarama, Mzee Nasiri alikuwa macho. Mukantabana alimtambua Mukandori, akatazama mwanaume aliye nyuma yake, na kipande cha boksi kikasimama hewani.

Gasana alivua kofia. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima ndani ya basi. Yote yalimtoroka, akabaki na machache.

"Muzee, mi ndiye nilikugonga. Si ule kijana wa kamio. Ni mimi. Nilikuwa na gari ndogo, na sikushuka."

Mzee alijiinua kwa kiwiko amwone vizuri.

"Ulisimama," Mzee Nasiri alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu asiyelala vizuri. "Nilikusikia. Nilisikia gari imesimama, nikasema moyoni, alhamdulillahi, huyu ni mwanadamu. Halafu nikasikia imeondoka. Mguu unauma, mwanangu, lakini ile ya kuondoka imeuma zaidi."

"Ndiyo, muzee."

"Uliniona?"

"Nilikuona. Mu kioo."

Mukantabana alisimama. Kwa muda ilionekana kama atampiga, na Gasana hakurudi nyuma. Mkono wake uliinuka, ukashuka, ukashika reli ya kitanda.

"Sina msamaha wa kukupa leo," Mzee Nasiri alisema. "Labda utakuja, Mungu ndiye anajua. Lakini kuna mtoto wa watu amelala polisi. Usikae hapa kunitazama. Nenda ukamtoe."

Kituo cha polisi hakikuwa mbali. Walitembea kwa miguu, katikati ya mashamba ya mpunga, mke na mume bega kwa bega, na mara moja tu Gasana alisimama. Mukandori alisimama naye. Hakumsukuma wala hakumvuta. Alipoanza kutembea tena, naye akatembea.

Askari wa mapokezi aliinua macho. "Nani amekuleta?"

"Nimejileta," Gasana alijibu.

Ilichukua muda mrefu, kwa sababu walimuuliza yale yale mara nyingi, wakapiga simu, wakamuuliza tena. Alisema aliyekuwa nyuma ya gari na alichosema, na alisema pia kwamba usukani ulikuwa mikononi mwake na mguu juu ya mafuta ulikuwa wake. Mwisho walimtoa Nshimiyimana. Alikuwa kijana mwembamba, kiatu kimoja hakina kamba. Mama yake, aliyekuwa akikaa nje ukutani tangu siku ya kwanza, alimkamata uso kwa mikono miwili akaukagua. Kisha akamgeukia Gasana.

"Mtoto wangu amelala humu kwa ajili yako," alisema.

"Ndiyo, mama."

Alimtazama bado, kana kwamba anatafuta neno baya la kutosha. Halikuja. Akamchukua mwanawe wakaenda zao.

Gasana alibaki. Kabla hawajamwingiza ndani, Mukandori alimfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka karibu na shingo.

"Sasa nakuona," alimwambia.

*

Habiyaremye aliitwa polisi kesho yake. Alikana, akaitwa tena, na wakati huu alikwenda na wakili. Kesi ingechukua muda, na hakuna aliyejua mahakama itasemaje juu ya huyu wala yule. Kilichokuja haraka ni mlinzi wa ghala, ambaye alisimama mlangoni akikwepa macho, akasema patroni anahitaji vyumba vyake.

Elikia aliwatafutia chumba kimoja upande wa pili wa mji, chenye mlango wa bati. Wenzake wa kinambani walichanga, wakakodi mkokoteni. Vitu havikuwa vingi: kitanda, magodoro mawili, meza, masufuria, ndoo na brashi za Mukandori.

Mwenye mkokoteni aliuliza wapite wapi. Kulikuwa na njia ya nyuma, kando ya ukuta wa ghala na katikati ya migomba, ambako wasingekutana na watu. Kulikuwa pia na barabara kubwa inayopita mbele ya soko, mbele ya mabenki na stendi, na siku ile ilikuwa siku ya soko, wanawake wa Bukavu wamejaa na bidhaa vichwani.

"Njia ya nyuma ni fupi, maman," alisema kwa upole, maana habari alikuwa nazo.

"Pita ku barabara," Mukandori alisema.

Wakapita. Mkokoteni ulitangulia ukilia, godoro likiyumba juu. Mukandori aliweka mkono juu ya meza isianguke. Umutoni alibeba sufuria kubwa kichwani, shingo imenyooka. Watu waligeuka. Wengine walinong'ona, wengine walijifanya wanapima viazi. Mbele ya duka la jumla la Habiyaremye, mwanamke mmoja muuza unga, aliyewafahamu siku nyingi, alishindwa kujizuia.

"Umutoni, papa iko wapi siku hizi?"

Mama yake alifungua mdomo ajibu. Binti alimtangulia. Alisimama katikati ya barabara, akaishika sufuria kwa mkono mmoja ili ageuke vizuri, na alijibu kwa sauti iliyofika mpaka ndani ya duka.

"Iko Bugarama, ku polisi. Alijipeleka mwenyewe."

Kisha akaendelea kutembea, na mama yake akaongeza mwendo ili asiachwe nyuma.